Farasi mchanga wa kupandisha wageni Msimbati: tumkague wapi kabla mjomba hajatoa hela?

Mwana wa Mikindani (mleta mada)

Wakuu habari za humu. Mtwara kuchele.

Mjomba wangu kauza korosho vizuri msimu huu, na sasa ana wazo ambalo haliondoki kichwani mwake: anataka farasi wa kupandisha wageni ufukweni, siku za kawaida hapa Mikindani na sikukuu kule Msimbati ambako watu hujaa. Amepata mtu Arusha anayeuza dume wa rangi ya kahawia nyekundu, mwenye doa jeupe usoni. Muuzaji anasema ana miaka mitatu, yuko tayari kupandwa, na anafaa kila kazi: kutembeza watu, kuruka viunzi, hata mbio. Ametuma picha nne. Mbili ni za uso, moja ya ubavuni akiwa kwenye majani marefu, moja amesimama mlangoni mwa banda.

Mjomba ameshampenda. Anasisitiza ile shingo, jinsi ilivyojikunja kama upinde. Mimi ndiye nitakayepanda basi kwenda kumwona. Nimefuga mbuzi na ng'ombe wawili. Farasi sijawahi hata kumshika kamba. Nianzie wapi kumtazama, na nitajuaje kwamba anafaa kwa kazi yetu?

Mkulima wa Tandahimba

Mkuu, mwambie mjomba atafute punda. Punda anavumilia jua, anakula majani yoyote, na mgeni mwenye mtoto atafurahi vilevile. Farasi kwa huku kusini ni kujitafutia msiba. Kama ni bora kungekuwa na farasi hapa tangu enzi za babu zetu.

Saisi Mstaafu

Kijana, nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, miaka 22, Arusha halafu Nairobi, na sasa nipo nyumbani Mnazi Mmoja, Lindi, nalima ufuta. Nimesoma ulichoandika mara mbili, kwa sababu nimeliona ndani yake kosa nililowahi kulifanya mimi. Nitaeleza polepole, uvumilie urefu.

Zile picha mbili za uso ziweke pembeni, hakuna anayepanda uso. Ya majani marefu ndiyo inayonitia wasiwasi, maana majani yameficha kitu ambacho mimi ningelipa nauli kwenda kukiona: kwato na vifundo vya chini. Mwombe muuzaji amsimamishe farasi kwenye saruji au ardhi ngumu iliyo sawa, achuchumae, apige picha ya ubavuni, halafu moja kutoka mbele kabisa na moja kutoka nyuma kabisa. Angalia miguu ya mbele isiwe imewekwa kwenye kijiinuko. Ni hila ya zamani ya kumfanya farasi aonekane ameinuka mbele.

Siku ya safari beba timazi ya fundi mwashi na futi ya fundi cherehani. Sisemi mzaha. Vitu hivyo viwili vimeniokoa kuliko maneno ya watu.

Ukifika, simama ubavuni hatua kama kumi, usiseme neno, mtazame mzima mzima. Mgawe kwa macho mafungu matatu: bega, mgongo, na sehemu ya nyuma, kuanzia nyonga hadi ncha ya kalio. Mafungu hayo yakikaribiana, una mnyama mwenye mizani. Mgongo ukiwa mrefu kupita mengine, huyo atachoka kiunoni akibebeshwa mtu. Ukiwa mfupi mno ana nguvu, ila miguu ya nyuma inaweza kumkanyaga visigino vya mbele akikaza mwendo.

Usishangae ukimkuta yuko juu nyuma kuliko mbele. Farasi mchanga hukua kwa zamu: nyuma hutangulia, mbele hufuata, na kati ya mwaka mmoja na miwili wengi huonekana kama wanateremka mlima. Hilo hujirekebisha. Lakini akifika miaka minne au mitano bado yuko hivyo, ndivyo alivyo, na uzito utaangukia mbele ambako tayari miguu inabeba karibu asilimia 60 ya mwili wake.

Sasa bega. Tazama mstari unaotoka kilele cha mabega, pale shingo inapokutana na mgongo, hadi ncha ya bega kifuani. Bega lililolala, la nyuzi kama 45 hadi 50, huutoa mguu mbali, na mpandaji hapigwi kiuno. Bega lililosimama hutoa hatua fupi zenye kishindo. Linafaa zaidi kuvuta mkokoteni kuliko kupandwa. Ukishuka chini, kile kipande kati ya kifundo na ukwato, mimi nakiita shingo ya kwato, mara nyingi hufuata mlalo wa bega. Kikiwa kifupi na kimesimama wima, kila kishindo kinapanda kwenye viungo. Kikiwa kirefu na laini, kishindo kinaishia kwenye kano.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimchagulia bwana mmoja farasi jike wa miaka miwili kwa sababu ya shingo na macho. Alikuwa mzuri mno, watu walikuwa wanasimamisha magari kumwangalia. Shingo zake za kwato zilikuwa ndefu, na akitua kwa kasi vifundo vilikaribia kugusa chini. Niliona, nikajiambia atakaza akikua. Wakaanza kumpanda mapema. Asubuhi moja nikapitisha kiganja nyuma ya muundi wa mguu wa kushoto, kama nilivyofanya kila siku kabla ya kumtoa bandani, nikakuta joto. Kano ambayo jana yake ilikuwa imenyooka kama uzi wa zeze ilikuwa imetuna katikati. Aliutua mguu chini taratibu, akanitazama. Hakupandwa tena kwa kazi. Joto lile bado naliona kwenye kiganja hiki.

Kwa hiyo timazi. Simama mbele ya farasi, msaidizi ashikilie uzi kwenye ncha ya bega, chuma kining'inie. Uzi upite katikati ya goti, katikati ya muundi, katikati ya kifundo, uugawe ukwato nusu kwa nusu. (Hilo tunaloita goti la mbele, kwa mifupa ni sawa na kifundo cha mkono wako, na lile la nyuma ni kisigino. Farasi anatembea kwenye kucha.) Vidole vikitazama ndani, mguu utachota nje akitembea. Vikitazama nje, mguu utachota ndani na unaweza kuugonga mwenzake.

Kwa mtoto kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Akiwa bado na kifua chembamba, mguu mzima unaweza kuelekea nje kuanzia kwenye kiwiko hadi chini. Huyo mwache; kifua kikipanuka viwiko vinasogea na miguu inanyooka. Ila kama goti linatazama mbele sawasawa na ni kuanzia kifundo kwenda chini tu ndipo pamegeuka, hapo pamekwisha kukaa. Kasoro ya kifundo hurekebishwa miezi michache ya mwanzo wa uhai, si baadaye.

Ubavuni, tazama goti la mbele lisiwe limerudi nyuma kama linataka kukunjika kinyume. Hilo nalikataa bila kujadili. Likiwa limesogea mbele kidogo, wengi wamefanya nalo kazi hadi uzeeni. Nyuma, uzi ukitoka ncha ya kalio uguse nyuma ya kisigino na uteremke sambamba na muundi. Mguu uliopinda kama mundu unachosha kano za nyuma ya kisigino. Ulionyooka kama nguzo unaumiza kiungo chenyewe. Visigino kuelekeana kidogo kwa ndani si dhambi.

Kwato, inua zote nne. Ziwe za duara, kuta ngumu bila nyufa, za kushoto na kulia zilingane ukubwa, na kisigino cha ukwato kiwe na upana. Ukwato mmoja ukiwa mwembamba na mrefu kuliko mwenzake, muulize mnyama kwa nini anauhurumia mguu huo, muuzaji hatakwambia. Namna anavyokubali kuinuliwa miguu nayo ni jibu kuhusu mikono iliyomlea.

Kisha atembezwe kwenda na kurudi mbele yako, kwanza hatua za kawaida, halafu matiti, yaani mwendo wa kukimbia polepole. Fumba macho usikilize: kwa mwendo wa matiti mapigo ni mawili yaliyo sawa, kama mtu anatwanga. Ukifumbua, tazama kichwa. Mguu wa mbele wenye maumivu ukigusa chini, kichwa kinapanda. Mzima ukigusa, kinashuka. Katika hatua za kawaida, ukwato wa nyuma ukiipita alama ya ukwato wa mbele, hiyo ni hatua ya maana.

La mwisho kwa leo: fungua mdomo. Farasi hubadili meno ya mbele ya katikati akiwa na miaka miwili na nusu, yanayofuata mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu. Meno ya utoto ni madogo, meupe, yamebanwa shingoni. Ya ukubwani ni mapana, marefu, ya manjano kidogo. Usiulize umri kabla hujayaona.

Binti wa Mtama

Shikamoo mzee. Asante kwa darasa, nimeinakili yote. Ila kuna hili la "anafaa kila kitu". Kweli yupo farasi wa hivyo? Kama mtu angetaka aje kushindana huko Arusha au Nairobi baadaye, si ni yule yule?

Saisi Mstaafu

Marahaba binti. Farasi wa kufanya kila kitu kidogo kidogo yupo, na wengi wao ndio wanaolisha mabanda. Wa kufanya kila kitu vizuri sijamwona.

Anayeruka viunzi, mimi namtazama nyuma kwanza. Nyonga pana, paja lililoshuka hadi karibu na kisigino, kiuno kifupi chenye nyama. Hapo ndipo anaposukumia. Kisha bega liwe limelala na kiwiko kiwe huru, asiwe amebanwa kifuani, ili akunje mikono juu ya kiunzi. Halafu unarudi palepale kwenye kwato na shingo za kwato za mbele, maana kila anachokiruka anakitua kwa miguu hiyo.

Kwa ile michezo ya uwanjani, ambapo farasi anacheza kwa madaha na kubadili mwendo kwa ishara ndogo, wanataka mnyama aliyeinuka mbele kuliko nyuma, shingo inayotoka juu kifuani, na visigino vya nyuma vinavyokunjika na kuingia chini ya tumbo. Anakuwa kama anakaa kidogo kila hatua. Aliyeumbwa kuteremkia mbele unaweza kumfundisha hayo, lakini unampa kazi ya kupigana na mifupa yake kila siku. Na mwendo wa kawaida lazima uwe safi wenye mapigo manne, kwani matiti unaweza kuyaboresha, hatua za kawaida ni vigumu.

Mimi moyo wangu uko kwenye safari ndefu. Kuna mashindano ya kilomita 160 kwa siku moja, na katika vituo vya njiani farasi anapimwa na daktari: mapigo ya moyo yashuke hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa, la sivyo safari imeishia hapo. Akiwa amepumzika moyo wake hupiga 28 hadi 44. Wanaong'ara huko ni wenye damu ya Kiarabu. Si wakubwa, hawana misuli minene, kifua kimeshuka chini, matundu ya pua mapana, ngozi nyembamba yenye mishipa inayoonekana. Mwili wa namna hiyo unatoa joto haraka. Mwenye misuli mizito ananasa joto kama tanuri.

Na hapo ndipo mleta mada anifuate. Kazi ya mjomba si kuruka wala mbio. Ni kutembea na watu wasiojua kupanda, kwenye joto na unyevu wa pwani, juu ya mchanga. Kwa kazi hiyo sura ninayoitafuta inafanana na ya huyu wa safari ndefu, ila mgongo mfupi wenye nguvu na akili iliyotulia. Mchanga mkavu wa juu, ule unaozama mguu hadi kifundo, unavuta kano kila hatua. Farasi mwenye shingo ndefu za kwato atakwisha humo msimu mmoja. Ufukwe una njia yake: subirini maji yapwe, hasa siku za bamvua, maji yanapopwa mbali zaidi, mpite pale palipolowa na kushikana. Ratiba ya farasi wa Msimbati itaandikwa na maji.

Uzito pia. Farasi abebe kama moja ya tano ya uzito wake, matandiko yakiwemo. Chukua futi, pima mzunguko wa kifua nyuma ya viwiko, kwa sentimita. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Unapata kilo. Kwa mtoto ni makadirio tu, kwa mkubwa ni karibu sana. Farasi wa kilo 450 anabeba 90. Mgeni wa kilo 95 na tandiko lake anahitaji mnyama mkubwa kuliko huyo.

Mtumishi wa Mifugo

Naomba niongeze, kwani mzee wetu ameeleza umbo na mimi kazi yangu ni magonjwa. Umbo zuri halizuii mbung'o.

Mkulima wa Tandahimba amegusia kwamba babu zetu hawakuwa na farasi. Sababu ina ushahidi hapohapo Mikindani kwa mleta mada. Machi 1866 Livingstone alishukia hapo akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda, akitaka kuona kama wataweza kupita nchi ya mbung'o. Akawapandisha kuelekea Ruvuma. Walikufa karibu wote. Ila yeye mwenyewe aliandika kwamba wahudumu wake waliwapiga, wakawatwisha mizigo kupita kiasi na kuwaacha na madonda, hivyo haikujulikana ni mbung'o au ni mikono ya watu. Nawaambia wafugaji kisa hiki kila ninapopata nafasi, kwa sababu mpaka leo wanyama wa kazi wanakufa kwa mambo yote mawili.

Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa farasi ni mkali kuliko kwa ng'ombe. Anakonda huku anakula, homa inakuja na kuondoka, tumbo la chini na miguu vinavimba. Tafadhali msimchome farasi dawa ya ng'ombe kwa kukadiria kwa macho. Baadhi ya dawa hizo mwili wa farasi na punda hauzivumilii vizuri. Wakala wa Maabara ya Veterinari wana kituo Mtwara, damu ipelekwe huko kabla ya sindano.

Lingine ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ni virusi, vinaenezwa na visubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma jioni na usiku hasa baada ya mvua. Kwa aina yake ya mapafu, farasi anaweza kuwa mzima asubuhi na siku chache baadaye akafa akitoka povu puani. Punda na pundamilia huvumilia, farasi hapana. Kwa hiyo chanjo kabla ya safari, na kila siku aingie bandani kabla jua halijazama, atoke jua likishapanda. Banda lisiwe kando ya kichaka wala dimbwi.

Na kibali cha kusafirisha mifugo msikisahau. Arusha hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 1,100. Apumzishwe njiani, apewe maji, kichwa kisifungwe juu muda wote, maana asipoinamisha kichwa uchafu unashuka mapafuni.

Mkulima wa Tandahimba

Nimejifunza mtumishi. Hilo la Livingstone, nyumba inayosemwa kuwa yake naipita kila nikienda Mikindani, kisa sikukijua. Swali langu: ufukweni majani hakuna, atakula nini?

Saisi Mstaafu

Swali zuri kaka. Majani makavu mazuri, yasiyo na ukungu, muda mwingi wa siku; tumbo la farasi limeumbwa kula kidogo kidogo bila kukoma. Pumba nyingi kwa mara moja ni hatari. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kinachoingia vibaya kinampasua kwa maumivu. Na asilishwe chini kwenye mchanga hata siku moja, awekewe kihori. Mchanga ukiingia na majani unakaa tumboni kama tope kwenye mtungi. Njia ya kujua ni hii: chukua mavi mabichi viganja viwili, yatie kwenye ndoo ya maji, koroga, acha robo saa, mwaga juu taratibu. Mchanga ukibaki chini ya ndoo, tumbo limeshaanza kubeba ufukwe.

Mabibo wakati wa msimu asiachiwe kuyaokota, yanachacha.

Mwana wa Mikindani

Wakuu, nimerudi jana usiku. Naandika nikiwa na uchovu ila nataka mjue yote.

Nilimkuta farasi bandani. Ni mzuri kweli, hata mimi nilisisimka, pua yake ilikuwa ya joto na laini kama kitambaa cha mahameli. Nilijizuia. Niliomba atolewe kwenye saruji, muuzaji akauliza timazi ya nini, nikamwambia ni ya mjomba.

Mgongo mfupi, mafungu matatu yamekaribiana. Nyuma yuko juu kidogo. Bega limelala, hata mimi niliona. Kwato ni za duara, ngumu, aliinua zote nne bila kusumbua. Goti la mbele halijarudi nyuma. Mguu wa kushoto uzi ulipita sawasawa hadi chini. Wa kulia ulipita katikati ya goti, katikati ya muundi, ulipofika kwenye kifundo ukwato ukawa umetazama nje. Nilirudia mara tatu, nikamhamisha, nikapima tena. Goti linatazama mbele, chini pamegeuka.

Futi: mzunguko 150, urefu 138. Nimepata kama kilo 261.

Halafu nikaomba kuona meno. Muuzaji akasema si lazima, anauma. Saisi wao, kijana tu, akamfungua mdomo kwa upole na farasi wala hakupinga. Meno yote sita ya chini ni madogo, meupe, yamebanwa shingoni. Hata ya katikati. Nilimwonyesha muuzaji, akanyamaza, kisha akasema "labda miwili". Hakusema tena kwamba yuko tayari kupandwa.

Mzee, nisaidie. Je, nimwache?

Saisi Mstaafu

Kijana umefanya kazi ya mtu wa miaka kumi bandani. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Jibu kwanza hili: kwa ndani ya kifundo cha kushoto, ulipitisha mkono?

Mwana wa Mikindani

Nilipitisha. Kuna sehemu ya ukubwa wa sarafu ambapo manyoya yamekatika, na ngozi ni ngumu kidogo. Nilidhani ni kamba.

Saisi Mstaafu

Si kamba. Ni ukwato wa kulia unapita ndani na kumgonga. Kama bado hajapandwa na tayari anajigonga, mpandaji akimchosha atajigonga zaidi. Fundi mzuri wa kwato anaweza kumsaidia kwa kumchonga mara kwa mara, kila wiki sita hivi, lakini mifupa haichongwi. Na sijui kama mafundi wa aina hiyo mtawapata huku kwetu kwa urahisi.

Sasa sikiliza. Huyo si farasi mbaya. Ni mtoto mzuri mwenye kasoro moja, na mtu amemsemea uongo wa umri. Sahani za ukuaji kwenye mifupa hufunga kuanzia chini kwenda juu: za kifundo mapema, ndani ya mwaka wa kwanza, za juu ya goti karibu na miaka miwili na nusu, za uti wa mgongo ndizo za mwisho, miaka mitano na zaidi. Ukimkalia leo unakalia mgongo ambao haujaiva. Kabla ya miaka mitatu hadi minne mtembeze kwa kamba, mfundishe kusimama, azoee mawimbi na kelele, basi. Kilo 261 kwa moja ya tano ni kama 52. Atakayembeba kwa sasa ni mtoto wa shule, na mimi hata huyo nisingemruhusu.

Kwa hiyo mjomba anatakiwa ajue kwamba ananunua miaka miwili ya kulisha, chanjo, na mwalimu, kabla mgeni wa kwanza hajalipa. Na ni dume. Kwa kazi ya wageni atahitaji kuhasiwa. Kama ana subira na ana mtu wa farasi nyumbani, bei ikishuka iwe ya mtoto, naweza kuelewa. Lakini kwa farasi wa kwanza Mikindani, pasipo saisi, ningetafuta aliyehasiwa wa miaka saba au minane, aliyekwisha kupandwa na watu wa kila aina, asiye na shingo ya kupigwa picha. Umbo lake limeshasema kila lilichokuwa nalo: kama kulikuwa na kano ya kulalamika, imeshalalamika.

Binti wa Mtama

Na yule mdogo atakwenda wapi?

Saisi Mstaafu

Binti, hilo nimeliwaza. Akipata mtu wa kumsubiri hadi minne, bega lile na mgongo ule vitampeleka mbali kwenye ardhi ngumu yenye baridi kidogo, kazi nyepesi. Mleta mada, yule kijana aliyemfungua mdomo kwa upole, mpigie. Mwambie kuhusu ile sehemu ya sarafu kwenye kifundo cha kushoto, amfunge kitambaa cha sufi akimtembeza. Pengine hakuna aliyemwonyesha.

Mwana wa Mikindani

Nimempigia mzee. Ameshukuru, hakuwa ameliona. Amenipa pia habari ya farasi mwingine, aliyehasiwa, miaka minane, banda la jirani, wa rangi ya kijivu, uso wa kawaida kabisa. Mjomba alinuna siku mbili kwa ajili ya ile shingo. Leo baada ya swala ya alasiri amekuja, kakaa barazani, kaniuliza kilomita za Arusha na bei ya majani makavu. Safari hii anakuja mwenyewe. Tunapanda basi Jumamosi alfajiri, na timazi ameshaitia kwenye mkoba wake.